Ubao Ambao Dhuaibu Hakuugota

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati aliishi seremala mchamungu aitwaye Dhuaibu. Alikuwa na maneno machache kwa wanadamu na mengi kwa miti. Kabla ya kutia msumeno aliupapasa ubao kwa kiganja, akataja jina la Mola wake, kisha akauomba radhi. Wapita njia walicheka. Yeye hakuona la kuchekesha, kwani mti, alisema, umesimama umri wake wote ukimsabihi Muumba, na asiyeustahi asiuguse.

Alikuwa na desturi nyingine. Kila ubao ulioingia karakanani mwake aliugota kwa mpini wa patasi, mwanzo hadi mwisho, sikio ameliinamisha. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Uliooza moyoni hujibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Uliojibu vibaya aliutenga, hata kama mwenye ubao amesimama pale amenuna.

Lakini ulikuwapo ubao mmoja alioupenda kuliko yote. Ulitoka katika mkunazi alioupanda marehemu mama yake uani, akaukuza kwa maji yanayobaki ya udhu wake. Upepo ulipouangusha mti ule, Dhuaibu alilia kama aliyefiwa na mama mara ya pili. Aliupasua mwenyewe, ubao wake mpana akaulaza mahali pakavu, na kila asubuhi aliusalimu. Basi mimbari ya msikiti ilipochakaa aliwaambia watu, "Niachieni mimi. Mkunazi wa mama yangu utabeba neno la Mwenyezi Mungu." Watu walifurahi, kwa kuwa bibi yule walimjua kwa wema wake.

Akaifanya kazi ile kwa mapenzi. Ubao wa mkunazi aliuweka juu, mahali anaposimama khatibu. Siku ya Alhamisi, akimalizia tundu la mwisho la kuungia, patasi ilizama kama imeingia kwenye mkate. Chini ya uso ule mzuri wadudu walikuwa wamekula, pamebaki uwazi. Hapo ndipo alipougota, na ubao ukamjibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Siku zote alizousalimu, hakuwa ameugota hata mara moja.

Hakuwa na moyo wa kuukataa. Alichanganya unga wa mbao na nta, akaziba, akasugua mpaka pakang'aa, kisha mimbari ikapelekwa msikitini. Watu wakaisifu, wakamwombea mama yake rehema. Dhuaibu akarudi nyumbani na chakula kikamshinda.

Mkewe Lubaba alipomwuliza, alimweleza yote. "Nikisema," alisema, "mti wa mama utatupwa mbele ya watu. Nikinyamaza, kesho Sheikh Utba atasimama juu yake." Naye Sheikh Utba, khatibu wao, alikuwa mzee mzito wa mwili, na miguu yake haikuwa imara.

"Mbao za watu wote unazigota, mume wangu. Huu ulikuwaje?"

"Niliupenda."

Lubaba alikuwa mama aliyezika watoto wake wote. "Mimi Mola wangu alinigota mpaka nikadhani nitapasuka," alisema, "na sikusema kwamba hanipendi. Nilisema ananigota ili nijisikie mwenyewe ndani mna nini. Sasa zamu ni yako."

Ijumaa msikiti ulijaa. Sheikh Utba alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza Dhuaibu aliposimama katika safu. "Sheikh wangu, tafadhali usipande," alisema, na akaeleza yote, uozo na nta, bila kujitafutia udhuru. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Na mti wa mama yake!" Ndilo neno alilokuwa akiliogopa, akalisikia, akaendelea kusimama.

Sheikh Utba aliurudisha mguu wake, akatoa hotuba akiwa chini. Baada ya sala alimwita. "Mwanangu, mti huu una ugonjwa, lakini je, wote?"

Dhuaibu akaugota ubao mbele ya watu, shibiri baada ya shibiri. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Kwenye ncha ya pili ukajibu kwa sauti kavu, na seremala akashindwa kuzuia machozi. Kipande chenyewe hakikuzidi urefu wa mkono. Mimbari ilitiwa ubao mwingine, wa mti usio na jina, na kipande kile Dhuaibu akakifanya rehali ya kuwekea msahafu. Watu wa mji wakasoma juu yake, wao na watoto wao. Mkunazi wa mama yake ukalibeba neno la Mwenyezi Mungu kama alivyoahidi, ila ukalibeba kwa sehemu yake iliyo nzima.

Ndugu yangu muumini, mtihani ukikufika usiseme Mola wako amekutupa. Seremala hagoti kuni. Hugota ubao ambao bado ana kazi nao. Tunamwomba Mwenye kurehemu, siku ya kugotwa kwetu, atukute tuna mahali pazima pa kujibia.