Fisi Aliyejifunika Kanga ya Bi Tumu

Zamani zile, wanangu, wanyama walipokuwa bado na milango na mikeka yao, palitokea msiba. Sogeeni niwatajie waliokuwapo siku hiyo. Alikuwapo Bi Tumu mwenyewe, aliyefariki alfajiri, amelazwa chumba cha ndani. Walikuwapo wanawe watatu, Pilipili, Kitete na Ganda. Alikuwapo Mama Kobe, jirani, aliyekuja na sufuria ya uji mgongoni, na mjomba Muhanga, yule mchimbaji. Halafu jua lilipopanda kidogo, akaja Fisi.

Bi Tumu alikuwa mbwa mdogo, wa ukoo wa hawa mnaowaona siku hizi mjini wakibebwa kwenye mikoba, masikio makubwa na miguu kama njiti, wanaoitwa chiwawa. Watu hudhani vijibwa vyote ni sawa, kelele tu. Si kweli. Pilipili alikuwa na hasira, hata upepo aliubwekea. Dada yake, Kitete, aliogopa kila kitu. Kifuniko cha sufuria kikianguka, yeye miguu inatetemeka mpaka jioni. Na Ganda, kitinda mimba, alikuwa wa kuganda tu. Mama akikaa, yuko mapajani. Mama akilala, yuko ubavuni.

Bi Tumu naye alikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliijua. Ganda akilala ubavuni mwake, hainuki mpaka mtoto aamke mwenyewe. Mboga iungue, mgeni abishe hodi, yeye husema kwa sauti ya chini, "Ngoja kwanza, mtoto amelala."

Siku hiyo Ganda hakuwa amepata usingizi tangu mama alipozidiwa. Alizunguka nyumba nzima, kucha zake zikilia ti, ti, ti sakafuni, akinusa kila mkeka.

"Dada, mama anaamka saa ngapi?"

Kitete akamlamba sikio. Mama Kobe ndiye aliyesema, "Njoo unywe uji, mwanangu," akapuliza kijiko mpaka kikapoa.

Ndipo Fisi alipofika, anacheka njia nzima. Hii hii hii. Akajibwaga mlangoni, puu, akauziba mlango wote.

"Poleni, watani. Kumbe Bi Tumu amekwenda? Na ile shingo nyembamba, mimi nilidhani atapeperushwa na upepo siku nyingi."

Msishangae. Mbwa na fisi walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani hutania hata penye maiti. Humkasirikii wala humfukuzi. Ukimfukuza mtani msibani, umeutia aibu ukoo wako wote.

"Sasa nisikilizeni," Fisi akasema. "Maiti haitoki mlango huu bila mimi. Mtani lazima alione kaburi. Ndiyo haki yangu, au nimekosea?"

Hakukosea. Lakini kila mmoja pale alijua Fisi akishaliona kaburi, watu wakishalala, hurudi peke yake na kucha zake. Hivyo ndivyo walivyompoteza marehemu baba yao, wakabaki na shimo tupu la kulilia.

Pilipili akaruka. "Bwe bwe bwe! Toka! Mama yangu humgusi!"

"Mtoto huyu," Fisi akasema, anajikuna, "hata nikimmeza na mkia, bado nitauliza chakula kiko wapi."

"Kaka, kaa chini," Kitete akasema. Alikuwa anatetemeka mpaka masikio. Lakini mwoga, wanangu, haogopi hivi hivi tu. Tangu mama alipoanza kuugua, Kitete alikuwa ameiogopa siku hii, na kila alipoiogopa aliifikiria upya, atakuja nani, atasema nini.

"Mtani," akasema, "haki yako ipo. Ila umeruka ya kwanza. Mtani humwigiza marehemu, ndipo adai mengine. Au desturi mnaikumbuka pale penye faida yenu tu?"

Fisi akacheka. "Kumwigiza huyu? Nipe hiyo kanga yake. Nitatembea kama yeye mpaka mlie kwa kucheka."

"Mama hakuwa mtu wa kutembea. Mama alikuwa mtu wa kulala na mtoto wake."

Akatandika mkeka wa mama ukumbini, akaweka bakuli la mifupa kando yake, kwa kuwa mtani hulishwa. Fisi akaona mifupa, akalala. Kitete akamfunika kanga ya mama, ile yenye harufu ya moshi na maziwa. Kisha akamwita Ganda.

 Kitete alikuwa anamweka mdogo wake kwenye mbavu za fisi kwa miguu yake mwenyewe. Mama Kobe aliona, akajivuta taratibu akakaa karibu kabisa na kichwa cha Fisi, gamba lake likiwa kati ya yale meno na yule mtoto. 

Ganda akanusa kanga. Akanusa tena. Akaingia chini yake, akajikunja, akavuta pumzi moja ndefu, akalala papo hapo.

"Sasa mtani," Kitete akanong'ona, "mwigize vizuri. Mama haamki mpaka mtoto aamke. Ukiinuka kabla, mwigo umeharibika, na haki yako imekwisha."

"Kitu kidogo hicho," Fisi akasema, akavunja mfupa, kach. "Dakika mbili huyu ameamka."

Kitete akaingia ndani. "Kaka, nenda nyuma ya nyumba ubweke. Bweka kwa nguvu zako zote. Usinyamaze."

Pilipili, aliyezoea kuambiwa anyamaze, akatoka. Bwe bwe bwe bwe! Chini ya kelele hizo mjomba Muhanga alikuwa anatoboa ukuta wa udongo, kwaru, kwaru, kwaru, wala Fisi hakusikia.

"Huyo hachoki?" Fisi akauliza.

"Ndicho kilio chake," Mama Kobe akamjibu.

Ganda hakuamka. Alizaliwa katikati ya kelele za kaka yake. Kwake zilikuwa kama mvua juu ya bati.

Wakamtoa mama kwa tundu la nyuma. Alikuwa mwepesi sana, Kitete angeweza kumbeba peke yake. Wakampandisha kilimani penye mawe, Muhanga akachimba hadi chini kabisa, wakamlaza, wakafukia, wakaviringisha mawe juu. Pilipili alikuja akiwa hana sauti tena. Wakalia hapo, bila mtu wa kuwacheka.

Ukumbini mifupa ilikwisha. Ubavu wa Fisi ukafa ganzi. Akaanza kujiinua.

"Mama," Ganda akasema usingizini, "usiende."

Fisi akatulia. Akamtazama Mama Kobe, Mama Kobe akatazama chini. Fisi akalaza tena kichwa, polepole.

Jua lilikuwa linainama waliporudi, miguu imejaa udongo mwekundu. Fisi akaiona ile miguu.

"Mmeshazika," akasema, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto.

"Tumeshazika, mtani."

"Na mimi nimelala hapa kama mjinga, nimevaa kanga."

"Ndiyo, mtani."

Pilipili alikunja midomo, meno nje, ingawa koo halikutoa kitu. Kitete alitetemeka vile vile kama asubuhi. Wakangoja. Lakini mtani akitaniwa hana ruhusa ya kukasirika, na hilo Fisi alilijua kuliko wote.

"Mmenipata," akasema. Akajitoa chini ya kanga kidogo kidogo, mguu mmoja, halafu mwingine, akaukunja upindo wake ukamfunika Ganda mgongo. Akaenda zake. Safari hii hakucheka njiani.

Basi wanangu, mwoga msimdharau, maana anayeogopa mengi ndiye aliyeyafikiria mengi.

Ganda alilala mpaka kesho yake asubuhi, na hakuna aliyemwambia, hata alipokuwa mkubwa, ni nani aliyelala naye siku ile.