Sultani Aliyetaka Kuletewa Chanzo cha Vita

Hapo zamani, bunduki zilipokuwa bado ngeni na kila mtawala akitamani kuzisikia zikilia, palikuwa na Sultani Hatimu wa Mandakoni. Walimjia wajumbe wa Sultani jirani, wakasema bwana wao ndiye astahiliye kuamkiwa kwanza karamuni. Hatimu akaghadhibika, akaamuru watupwe dirishani. Wakaangukia lundo la samadi, wakarudi kwao wazima, wananuka. Basi vita vikawaka, vikaendelea hata waliozaliwa siku ile wakaota ndevu. Askari hawakulipwa, wakala mashamba ya adui, kisha wakala ya kwao.

Siku moja Sultani akawauliza mawaziri, "Hivi twapigania nini?" Mmoja akasema mpaka, mwingine heshima, wa tatu akasema amesahau. Shekuwe, fukara aliyeingia barazani kutafuta makombo, akacheka.

"Wacheka nini, ewe mwenye viraka?"

"Nacheka, bwana wangu, kwa kuwa chanzo nakijua."

"Basi kilete hapa nikione kwa macho, na matokeo yake uyalete vilevile. Usipoleta, kichwa chako halali yangu."

Shekuwe akapanda ghorofani, vikasikika vishindo, akashuka amejitwika dirisha zima. Akalitua miguuni pa Sultani. "Chanzo hicho, bwana."

Kisha Shekuwe akakimbilia jikoni, akarudi na chungu cha moto. "Na matokeo haya hapa."

Sultani akachungulia. "Nyama gani hii?"

Mpishi, aliyekuja mbio nyuma ya chungu chake, akapiga magoti. "Ni ngozi ya ngoma ya vita, bwana. Mbuzi walikwisha zamani."

"Na kile kitoweo cha jana, nilichokitafuna hata magharibi?"

"Hilo lilikuwa tandiko la farasi wako."

"Na farasi mwenyewe?"

"Huyo ulimla Ijumaa, bwana. Ulimsifu sana."

Baraza zima likaangua kicheko, na Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Kisha akapanda ghorofani, akasimama penye pengo la lile dirisha, akautazama mji wake. Hapakuwa na jiko hata moja lililofuka moshi. Akashuka, akaenda kwa jirani yake kwa miguu, bila askari, akamwamkia kwanza. Ikawa amani.

Shekuwe akatunukiwa kanzu mpya na uwaziri.

"Kanzu naipokea," akasema. "Uwaziri nisamehe mpaka mavuno, bwana wangu. Baada ya farasi, aliye karibu nawe ni waziri."