Pia na Neno "Tulia"

Binti wa fundi wa nguo alikuwa na miaka kumi na minne, na mtaa mzima ulimwita Pia, kwa kuwa alizunguka kama pia ya kuchezea tangu jua lichomoze hadi aangushwe na usingizi. Hata shuleni jina lilimfaa: kila walipotajwa watundu, na yeye pia alikuwemo. Mama yake, ndiye huyo fundi, alikuwa amemkanya, amemchapa, amelia, akaambulia patupu. Akimtuma zipu, mtoto alirudi baada ya saa nzima, zipu hana, kiatu kimoja hana, kisa alipitia kusukuma gari la watu lililozimika.

Siku Pia alipochana daftari la mwenzake na kumjibu mwalimu ovyo, mwalimu mkuu alimwita mama.

"Zimebaki wiki sita muhula uishe," alisema. "Akitolewa darasani mara moja tu, nafasi yake anapewa mwingine."

Mama hakuwa mtu wa kukunja mikono. Alimpeleka binti hospitali, wakaulizwa maswali chungu nzima.

"Si ukaidi mtupu, wala hukumlea vibaya," daktari alisema mwishoni. "Akili yake ni nyepesi kuondoka, nzito kusimama. Tutaendelea kumwona hapa, ila kazi kubwa iko nyumbani. Neno gani unamwambia zaidi?"

"Tulia."

"Na 'tulia' inafanywaje?"

"Ni kutulia tu," mama alisema. Pia akacheka. "Hata mimi sijui, daktari. Ningejua ningefanya."

Cheko lile lilimchoma mama kuliko tusi. Miaka yote alikuwa akimwadhibu mtoto kwa kushindwa jambo ambalo hata yeye hawezi kulieleza.

"Mpe kazi moja, fupi, yenye mwisho," daktari alisema. "Akiimaliza, mpe nyingine."

Tangu siku hiyo neno lile lilipigwa marufuku nyumbani. Ilikuwa hesabu tatu za shule, kisha Pia aokote pini sakafuni. Hesabu tatu nyingine, kisha akunje vitambaa. Mama alifunga safari hadi shuleni, akamwomba mwalimu wa darasa afanye vivyo hivyo.

"Mama, nina wanafunzi hamsini," mwalimu alilalamika.

"Sikuombi umpende, mwalimu. Naomba umtume. Ukiona miguu inaanza, mwambie afute ubao."

Mwalimu alimtazama mwanamke yule aliyemkazia macho bila kupepesa, akakubali kujaribu wiki moja. Wiki ikaisha, ubao unang'aa na Pia yumo darasani. Akaongeza nyingine.

Usidhani mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Wiki ya nne Pia aliirukia meza akitafuta mkasi, akamwaga chai juu ya gauni la mteja, jeupe pe.

"Tulia, wewe!" mama alipiga ukelele, mkono umekwisha kwenda juu.

Pia alijikunyata. "Mama, umelisema."

Mkono ulibaki hewani, kisha ukashuka. Mama alijionea haya. "Nimekosea, mwanangu. Lete sabuni."

"Sabuni tu?"

"Sabuni tu. Habari za maji tutazungumza sabuni ikifika."

Sabuni ikaja, yakaja maji, ikaja beseni, na kufikia adhuhuri gauni lilikuwa kwenye kamba. Mama na binti walikaa kizingitini wakilitazama, wamelowa wote wawili.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alimwita mama tena. Mtihani wa saa mbili Pia alikuwa ameufanya swali kwa swali, akitumwa mara tatu kuwagawia wenzake karatasi. Alikuwa wa thelathini na nane kati ya hamsini, na hakuna aliyempigia vigelegele. Lakini kwa wiki zote sita hakutolewa darasani hata mara moja, na nafasi yake ilibaki kuwa yake.

"Umemtuliza vipi?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Sikumtuliza," mama alijibu, machozi yakimlengalenga. "Na hatujamaliza. Gogo bado lipo, mwalimu, ila si kubwa kama lile la mwanzo."

Wahenga hawakukosea: bandu bandu huisha gogo.