Wageni wa Mbaazi ya Bi Mwatabu

Paukwa! Pakawa! Haya, sogeeni motoni. Nami leo nimechoka, kwa hiyo nitawasimulia habari za mchovu mwenzangu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mjane, Bi Mwatabu. Jua lilikausha shamba lake lote, likamwachia mti mmoja tu wa mbaazi. Maganda ya mti huo ndiyo mbegu ya msimu ujao. Yakipotea, hana cha kupanda. Alikuwa amelima, amepalilia, amebeba maji, mpaka kuchoka kwenyewe kukamchoka.

Wakaja wageni wawili. Mmoja Mtambazi, mmea wa maua ya zambarau, asiyeweza kusimama peke yake. Wa pili Kingao, mdudu wa kijani mwenye mgongo kama ngao, ukimgusa ananuka. Wote wakaomba kukaa juu ya mbaazi, naye akawakaribisha, kwani mgeni hafukuzwi mlangoni. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Siku ya tatu akawauliza kila mmoja atafanya kazi gani. Wakaanza kusutana: huyu ananuka, yule mvivu, huyu mwizi, yule mnyonge. Kichwa kikamuuma Bi Mwatabu.

"Mimi nafyonza utomvu wa mti, mama, sikufichi," akasema Kingao. "Nikishiba naruka, naenda zangu. Huyu akifika hatoki."

"Mimi sili hata punje," akasema Mtambazi kwa upole. "Naegemea tu."

Bi Mwatabu alijua kuwa wote wawili ni wa kutolewa. Ila nguvu aliyobaki nayo ilitosha kumtoa mmoja tu. Akamtoa anayenuka. Akampukuta Kingao, akanawa mikono, akaenda kulala.

Mtambazi akapanda, akapanda, akapanda. Akazunguka shina, akabana matawi, akafunika majani yasione jua. Bi Mwatabu kila akipita husema moyoni, kesho nitamkata. Kesho ikazaa kesho. Asubuhi moja akaukuta mti umevunjika, umelala chini, na maganda hayana kitu ndani. Akalia kwa uchungu, maana harufu ingetoka kwa maji, lakini njaa haioshwi.

Mtambazi akainua kichwa pale chini, mpole vilevile.

"Mama, mti wako umeniangusha," akasema. "Nipe mkono wako."

Bi Mwatabu akautazama mkono wake, ambao Mtambazi ameshaanza kuuzunguka. Hakuwa na nguvu hata ya kuurudisha nyuma.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wa kulala alale, na mwenye palizi aamke mapema.