Kiti cha Mikono cha Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Mlio nyuma sogeeni, maana hii siisemi mara mbili.

Hapo zamani za kale, mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana wala kusemezana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Wakiwa na neno, walimtuma Mbuzi.

Basi alikuwapo seremala, jina lake Senkondo. Alifanyia kazi kwenye kibanda uani kwake. Siku moja alimtengenezea mama mkwe wake kigoda. Mama mkwe akakikalia mbele ya wageni, kigoda kikavunjika. Wageni wakaona miguu juu, kichwa chini.

Mama mkwe akajipangusa vumbi, akamshika mkono bintiye Nakijwa, mke wa Senkondo, akaondoka naye. Kesho yake akaja Mbuzi.

"Mama Nakijwa anasema: mwanangu harudi kwako mpaka unitengenezee kiti cha mikono, nikikalie, kinitoshe."

"Nitampimaje na simtazami?" akauliza Senkondo.

"Hilo sikutumwa," akasema Mbuzi.

Senkondo akamtuma Kuku akamwangalie. Kuku akarudi mbio.

"Mpana! Mpana ajabu! Anaweza kutamia mayai yangu yote asiache hata moja nje!"

Senkondo akapima, akakata, akaranda. Kiti kikapelekwa. Mbuzi akarudi.

"Mama Nakijwa anasema: paja moja limegoma kuingia. Anauliza, la pili aliweke wapi?"

Senkondo akamtuma Tembo. Tembo akarudi polepole.

"Yule? Kadogo tu, maskini. Kama mwanangu anayenyonya."

Senkondo akapima, akakata, akaranda. Kiti kikaenda kikivutwa na punda wawili. Mbuzi akarudi.

"Mama Nakijwa anasema: nimekaa, nimeitafuta mikono ya kiti, sijaiona. Wajukuu wamepanda, na bado pana nafasi ya kuanika mtama. Na Nakijwa naye anasema: mume wangu, fanya haraka, kuna mhunzi ameleta posa."

Senkondo aliposikia habari ya mhunzi, randa ikamtoka mkononi. Akapima, akakata, akaranda. Safari hii akaunganisha miguu, kikalio na egemeo tu. Mikono hakuifunga. Vyote akavipakia juu ya punda. Akajifunga kitambaa machoni, akabeba nyundo, msumeno na misumari, akamshika Mbuzi mkia, wakaenda.

"Mbuzi, mwambie mama mkwe wangu akae."

Mama Nakijwa alikuwa mbele yake, karibu kabisa.

"Mbuzi, mwambie mkwe wangu nimekaa."

"Mwambie asogee kushoto."

"Mwambie nimesogea."

"Anasema amesogea," akasema Mbuzi.

"Nimesikia!"

"Mimi natimiza kazi yangu."

Senkondo akapapasa mkono wa kiti, akausogeza mpaka ukagusa kanga ya mama mkwe. Hapo Mama Nakijwa akaona haya. Mkwe ajue upana wake wote? Akavuta pumzi, akabana tumbo, akabana nyonga. Senkondo akapigilia mkono wa kulia, akapigilia wa kushoto.

"Mbuzi, mwulize kama kimemtosha."

Mama Nakijwa akafungua kinywa ajibu. Pumzi ikatoka. Tumbo likarudi mahali pake, nyonga zikarudi mahali pake. Akajaribu kusimama, kiti kikasimama naye.

"Mbuzi," akasema kwa sauti nyembamba, "mwambie anitoe."

Lakini misumari ilikuwa imezama. Kuitoa mikono kulitaka msumeno, na msumeno karibu na nyonga ya mtu unataka macho.

"Mbuzi, mwambie siwezi kumtazama."

"Mbuzi, mwambie miguu inakufa ganzi!"

"Mbuzi, mwambie mila..."

"Ambianeni wenyewe!" akasema Mbuzi. "Mate yamenikauka."

Nakijwa akatoka jikoni, akamtazama mama yake kutoka begani hadi nyongani.

"Mama, ulitaka kiti kikutoshe. Hiki kimekutosha au nimwite mhunzi akupime upya?"

"Kimetosha! Kimetosha! Kimetosha hadi kwenye mifupa!" akalia Mama Nakijwa. "Senkondo, mwanangu, vua kitambaa hicho, mchukue mke wako, unitoe humu!"

Senkondo akavua kitambaa. Akamtazama mama mkwe wake. Mama mkwe akamtazama. Mbingu hazikuanguka. Akakata mikono ya kiti, kisha akachukua kamba na kumpima vizuri, macho wazi.

"Sasa usibane pumzi, mama."

"Sibani. Na wewe usimtangazie mtu."

Jioni hiyo Nakijwa alirudi kwake. Mama Nakijwa aliletewa kiti chenye mikono mipya, akakikalia akizungumza na mkwe wake mpaka kahawa ikaisha.

Aliyekosa kazi ni Mbuzi. Ndiyo maana hadi leo, watu wawili wakisimama kuzungumza, mbuzi hupita katikati yao na kusema "Mee!" Anataka kutumwa.

Hapa ngano yangu imekaa kitako. Mwenye usingizi na ainuke.