Dada Aliyezima Jiko

Mama mmoja wa Korogwe alikuwa na mdogo wake wa kiume, akampenda kwa upawa. Mama huyo ni Zaina, na mdogo wake ni Hizza, fundi cherehani. Kuna wanaopenda kwa maneno na kuna wanaopenda kwa dua. Zaina alipenda kwa kupakua. Ukiingia kwake na homa, sahani. Ukiingia na habari ya msiba, sahani. Ukiingia kumgombeza, utagombeza huku unatafuna.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mvua ziligoma misimu miwili. Mama yao alipanda milimani kwa ndugu zake kutafuta makopa ya muhogo, akamwachia Zaina watoto wawili: Hizza wa miaka minne, na kitoto cha mgongoni, jina lake Salehe. Mama alisema siku mbili, akarudi ya sita. Salehe hakumngoja. Hakuna aliyemlaumu Zaina, na labda kosa liko hapo, maana mtu akilaumiwa hujitetea, akasema yake, yakaisha. Yeye hakupewa nafasi ya kusema. Akakua, akaolewa, akafiwa na mume, na katika miaka yote hiyo hakuna siku Hizza alimaliza sahani kabla hajaongezewa.

Basi Hizza akaongezwa mpaka akafika kilo mia moja sitini na nane. Mkewe aliondoka zamani, akisema nyumba ile ina wake wawili na yeye ndiye mdogo. Hizza akabaki kwa dada yake. Akawa anasali kwenye kiti. Viatu akawa anavalishwa. Mchana akisinzia mbele ya cherehani, pumzi ilikuwa inakatika kabisa, na Zaina jikoni huacha kukoroga, naye akazuia pumzi yake, mpaka asikie mkoromo umerudi. Kisha humpelekea chai na maandazi, kwa kuwa ameonekana amechoka.

Wakaenda hospitali moja kubwa, mbali. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, hasemi neno mara mbili. Akawaambia moyo wa Hizza unabeba watu wawili na hautabeba miaka mingi. Tumbo litakatwa, libaki jembamba kama ndizi moja, naye atakula kidogo na mwili utapungua.

"Lakini kabla ya kazi yangu kuna kazi yenu," akasema. "Ini lake limejaa mafuta, limevimba, limelifunika tumbo kama kuku aliyeatamia. Ini si adui, bila hilo mtu hafiki jioni. Ila nikilikuta namna hii siwezi kulinyanyua, na nikilazimisha litachanika. Mnipunguzie hilo ini."

Dawa ya kulipunguza ilikuwa siku kumi na nne. Hapana ugali, hapana wali, muhogo, chapati, sukari, nazi wala mafuta. Mchuzi mwepesi wa samaki au wa kuku aliyechunwa ngozi, maziwa yaliyoenguliwa, mboga za kuchemsha, maji mengi. Vitu vyepesi, vya kunywa zaidi kuliko vya kutafuna. Zaina akayasikia yote vizuri sana. Akaondoka na lile alilolipenda: vya kunywa.

Siku tatu walikwenda sawa. Ya nne, Hizza aliinuka kwenye cherehani dunia ikamzunguka, akashika ukuta. Zaina akamwona pale ukutani, mdomo umemkauka, na hakumwona Hizza peke yake. Akakimbilia jikoni. Akateleka unga wa mtama, akatia karanga za kusaga, akatia tui la kwanza, akatia sukari kidogo, na kidogo ya Zaina ni konzi. Akakoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Kisha akazimua kwa maji ya moto, kusudi unyweke.

"Dada, huu si ndio..."

"Unatafuna? Hutafuni. Basi ni wa kunywa. Kunywa."

Ulimi wa Hizza ulijua. Msimwonee huruma, alijua tangu funda la kwanza. Lakini aliinua macho akamkuta dada yake anaitazama koo yake ikipanda na kushuka, kama mkulima anavyotazama wingu. Akanywa. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe magharibi, siku kumi nzima. Wakadanganyana bila kusema neno la uongo, mmoja kwa kukoroga, mwingine kwa kumeza.

Siku ya kumi na tano wakarudi hospitali. Hizza akalazwa kitandani, akapakwa mafuta ya baridi, akapigwa picha ya tumbo. Daktari aliitazama ile picha muda mrefu.

"Ini liko palepale. Kama limebadilika, basi limeongezeka. Nani anakupikia?"

Zaina alikuwa kwenye kiti nyuma yao.

"Najipikia mwenyewe, daktari," akasema Hizza. "Nilikosea."

Mtu asiyeweza kujivalisha kandambili, eti anajipikia! Daktari aliziangalia zile kandambili, akamwangalia na Zaina aliyezipanga chini ya kitanda. Akawapa tarehe nyingine, mwezi mmoja mbele. Akawaambia ndiyo ya mwisho. Nyuma ya Hizza kuna wagonjwa wengine wanangoja, na akirudi na ini lile, nafasi atapewa mwenye kuitaka. Na moyo wake haukuonekana kuwa na mwaka mwingine wa kukaa kwenye foleni.

Walipofika nyumbani Zaina hata mtandio hakuvua. Akaingia jikoni moja kwa moja, akashusha unga wa muhogo apike bada, kwa sababu mtu ametoka safari na hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Hizza akaja akasimama mlangoni, akaujaza mlango wote, mwanga ukapungua.

"Dada," akasema, "ile njaa iliisha."

Miaka arobaini na miwili hakuna aliyeitaja njaa ile katika nyumba yao. Zaina alisimama na unga mkononi. Hakuuliza ipi. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na ile haikutengenezwa kwa kukalia mtu na kulia, kwa hiyo hakulia sana. Alipoinuka aliukung'uta mkono wake, akaufunika unga, akatoka nje kuita jirani.

Jirani huyo ni Mama Mwanjaa. Zaina alimpa mchele wote, unga wote, nazi kumi na moja na dumu la mafuta, akamwambia chukua kabla sijageuza nia. Akafudikiza masufuria. Jiko kubwa la kuni, ambalo tangu afiwe na mume halijawahi kulala baridi, akalizima kwa maji na kuchota majivu yake. Tarehe ilipokaribia na zile siku kumi na nne zikaanza upya, akabaki na jiko dogo la mkaa na chungu kimoja, mchuzi mmoja, vikombe viwili. Alikunywa naye. Hakuna aliyemwamuru.

"Dada, samaki kwenye mchuzi huu alipita tu, akasalimia."

"Kunywa. Na mshukuru alijibu salamu."

"Mboga hii umeichemsha au umeionya?"

"Hizza, mimi mwenyewe jana nimepita kwa muuza chapati nikatembea kinyumenyume ili niendelee kuinusa. Usinichezee, baba. Kunywa."

Wakacheka, na kucheka nako kuna shibe yake, ingawa si kubwa.

Lakini kule kwao mtu akienda kukatwa, majirani humuaga kwa chungu. Hakuna anayekwenda mikono mitupu kwa mgonjwa. Ni aibu ya aliyekwenda, na ni aibu kubwa zaidi ya nyumba inayokataa. Zaina mwenyewe ndiye aliyewafundisha mtaa mzima desturi hiyo, kwa kuwa wa kwanza kwenye kila mlango kwa miaka thelathini. Sasa akaweka kigoda mlangoni pake, akakikalia. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Mwanjaa, na sufuria ya pilau, imefunikwa kitambaa cheupe. Mchele ulikuwa wa Zaina mwenyewe.

"Hodi shoga. Nimemletea mgonjwa kidogo."

"Karibu wewe. Hicho kibaki nje."

"Pilau kijiko kimoja kimemuua nani?"

"Mwambie daktari wake. Anakaa mbali, nauli juu yako."

"Zaina! Unamnyima nduguyo chakula cha kumuaga?"

"Namnyima."

"Watu watasema unamtaka afe urithi nyumba."

"Waambie nyumba ni ya marehemu mume wangu, aliniachia mimi. Ninayemtaka ni wa kukaa ndani yake."

Mama Mwanjaa akaondoka na sufuria yake, na maneno akayasambaza kote alikopita. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Zaina kamfunga nduguye tumbo kwa kamba. Wengine walisema ni uchawi, wengine uchoyo, na uchoyo ndio uliomuuma. Mtu aliyeitwa mkono wazi tangu ujana wake akapitwa mlangoni bila salamu. Alilisikia hilo kwenye mifupa zaidi kuliko alivyosikia njaa. Hakuinuka kwenye kigoda.

Siku ya kumi na moja, adhuhuri, Hizza akainuka kwenye cherehani na dunia ikamzunguka tena. Akashika ukuta ule ule.

"Dada," akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Uji. Kikombe kimoja. Nakuomba."

Miguu ya Zaina ilishafika mlango wa jikoni kabla kichwa hakijaamua. Karanga zilikuwepo kwa Mama Mwanjaa, hatua kumi, na asingemnyima. Hakuna ambaye angejua ila picha ya tumbo. Akasimama na mkono kwenye kizingiti. Kisha akarudi, akachukua simu, akampigia muuguzi wa hospitali ile, aliyewaachia namba yake. Muuguzi akauliza maswali, akasema ampe mchuzi wenye chumvi, na maji, amkalishe kivulini, na baada ya nusu saa ampigie amweleze. Asipopata nafuu aletwe.

Nusu saa hiyo Zaina hakuwa na kitu cha kufanya. Mchuzi ulishanyweka, chungu ni tupu, upawa hauna kazi. Mikono ikamning'inia kama nguo za mtu mwingine. Akaketi chini, akaivuta miguu ya mdogo wake mapajani pake, ile miguu iliyovimba, akaikanda. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumshika mtoto huyu bila sahani katikati yao, asikumbuke. Akakanda kidole kimoja kimoja. Akamwambia habari za Salehe, alivyokuwa anacheka akiona jogoo, na Hizza hakuwa akiijua habari hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza.

Nusu saa ikaisha. Rangi ya uso wake ikawa imerudi.

"Mikono yako ina joto, Dada."

"Na wewe una miguu kama mihogo ya mvua nyingi. Nyamaza."

Akapiga simu, akaeleza. Muuguzi akasema vizuri. Zikabaki siku tatu, wakazimaliza, si kwa ushujaa, kwa kununa.

Daktari aliitazama picha mpya, akaiweka chini. "Limeshuka," akasema, na kesho yake asubuhi Hizza akaingizwa ndani. Zaina akangoja kwenye benchi la nje pamoja na ndugu za wagonjwa wengine. Kila mmoja alikuwa na kikapu chake, na chupa ya chai, na bakuli limefungwa kwenye kitambaa. Zaina hakuwa na kitu. Mwanamke aliyekaa naye alimtazama mikono, akamuuliza kama na yeye ana mgonjwa humo au amepumzika tu.

Ilipokaribia saa sita daktari akatoka. "Ini lilisogea bila tabu. Kazi imekwisha, yuko salama."

Zaina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, akasema moja. "Atakula nini?"

"Leo hali. Kesho maji, kijiko kimoja kimoja, akitaka mwenyewe."

Kesho yake wakampa kikombe cha maji na kijiko. Hizza alikuwa amelala, uso umechoka, macho yako wazi. Zaina akachota kijiko kimoja, akampa, akaitazama koo ikipanda na kushuka. Mwili wake wote, tangu nyayo, ulitaka kuchota cha pili. Akakiweka kijiko juu ya meza, akaikunja mikono mapajani, akangoja aombwe.

Nanyi mnaokimbilia jikoni kila mkiona mtu wenu anaumwa, sufuria hiyo mnayoibeba inakwenda kushibisha njaa ya nani?