Maji ya Paa la Chedego

Mwezi Februari mmea wa maboga wa Nyemo ulitambaa ukavuka ua, ukazaa kwenye uwanja wa jirani yake, Chedego, mwenye nyumba kubwa kuliko zote mtaani. Chedego aliyachuma maboga yote. Nyemo akamwita balozi wa mtaa.

"Kilichovuka kuja kwangu ni changu," alisema Chedego.

"Na maji ya mvua ya paa lako, yanayomwagikia mchicha wangu?" aliuliza Nyemo. "Njoo uyachukue basi."

Chedego alicheka. "Yamevuka, mama. Ni yako. Oga ukitaka."

"Balozi, unamsikia anavyonionea?"

"Nimemsikia," alisema balozi. "Kilichovuka kimevuka."

Nyemo aliondoka akijifuta macho.

Mwezi Septemba mabomba ya mtaa yalikauka. Bustani ya Chedego ilinyauka, mchicha wa Nyemo ukazidi kuchipua. Chedego alichungulia juu ya ua, akaona nyuma ya migomba matangi yaliyojaa tangu Machi.

"Hayo maji ni ya paa langu!"

"Yalivuka, baba," alisema Nyemo.

Balozi aliitwa tena, akasema vilevile.

Siku hiyohiyo Chedego alipanda ngazi, akaugeuza mfereji wa paa umwagie uwanjani kwake. Mvua iliyofuata ilinyesha Desemba.